Nilisema Imekufa

Mwezi wa pili mwaka 2023 nilisimama chini ya mwembe hapa Lobule, wilaya ya Koboko, mbele ya watu kama thelathini, nikawaambia kwamba kadi za mtandao za kompyuta zetu sita zimekufa. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Nilikuwa nimesoma informatiki mwaka mmoja na nusu kule Bunia kabla ya kukimbia, na hapa kambini mtu wa mwaka mmoja na nusu anaitwa enjinia. Hakuna aliyeniuliza nimejuaje. Mzee wa block aliuliza jambo moja tu: "Kununua ingine ni bei gani?"

Zilikuwa hazijafa. Hesabu ya pesa tuliifunga zamani, lakini kila mtu anaisimulia habari hii kwa namna yake, na kuna wanaosema mpaka leo kwamba nilitoa kitu ndani ya mashine nikauza Arua. Basi isomeni kutoka kwangu.

Kompyuta zenyewe ni laptopu za ofisi za zamani, zilizokuja kama msaada. Zilikuja na Windows ya zamani iliyojaa virusi vya flashi. Ukifungua faili moja, zinajifungua kumi. Mimi ndiye niliyesema tuweke Linux. Nilikuwa na sababu nzuri: ni ya bure, haitaki mashine yenye nguvu, na vile virusi vya flashi haviiwezi. Nikazichukua zote sita mpaka kibandani kwangu Koboko mjini, ninapochaji na kutengeneza simu, nikafuta kila kitu na kuweka Debian 11 kutoka kwenye flashi. Siku tatu. Zikawaka vizuri, haraka kuliko mwanzo. Sikujaribu waifai kwa sababu kibandani sina waifai. Nikazifunga kwenye gunia mbili pamoja na vipande vya godoro, boda akazileta Lobule kwenye ile barabara ya vumbi.

Siku ya kwanza darasani tukawasha kile kifaa kidogo cha waifai chenye laini ndani. Simu zote zikakiona. Kompyuta hata moja haikukiona. Si kwamba ilikiona ikashindwa kuunganisha. Hapana, hata alama ya waifai haikuwepo pale juu, kana kwamba mashine hizo zilitengenezwa kabla ya waifai kuwepo duniani.

Nilizima, nikawasha. Nilizima tena. Watu walikuwa wanatazama. Hapo ndipo nikasema lile neno.

Sasa elewa uzito wake. Tangu 2020 mgao wa chakula ulipoanza kukatwa, shilingi 2,000 mkononi mwa mama hapa Lobule si pesa ndogo. Ni sabuni na chumvi, na labda dagaa za siku moja. Watu thelathini walitoa 2,000 kila mmoja, 60,000 zote, mzee wa block akaandika majina kwenye daftari lake la karatasi za miraba. Walitoa kwa sababu watoto wao wangesoma pale, na kwa sababu mashirika hayatoi mashine mahali zinapolala. Tulikuwa tumeambiwa kwa upole kabisa kwamba mwisho wa mwezi mtu atakuja kuona kama darasa linafanya kazi, na kama halifanyi, kuna makambi mengine yanayongoja.

Nikaenda Arua. Kutoka Koboko ni kama kilometa 55, barabara ya lami, unapita Maracha. Nauli pamoja na boda za huku na huku zilikula 25,000. Kwenye duka moja karibu na Avenue Road nikanunua kile kidude cha waifai cha kuchomeka kwenye USB, 35,000. Kimoja tu. Wazo langu lilikuwa tukijaribu kwenye mashine moja, kikikubali tutachanga tena. Muuzaji alikijaribu mbele yangu kwenye kompyuta yake yenye Windows, kikashika palepale. Nililala Koboko nikiwa na furaha.

Lobule kikakataa. Kitaa chake hata hakikuwaka.

Jioni hiyo nilibaki peke yangu darasani, betri ya sola ikiwa karibu kuisha. Akaja binti wa mama jirani yangu. Huyu alikuwa amepata diplome d'Etat upande wa Congo, na alikuwa na fomu ya kuomba msaada wa chuo, ya kujaza kwenye intaneti, ambayo ilifungwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Alikuwa amejaribu kwenye simu ya mama yake, ukurasa wa tatu unagoma kila mara unapotakiwa kupandisha zile karatasi. Ananiita yaya, ingawa hatuna ukoo.

"Yaya, batu banasema ulikula makuta."

"Nilikula wapi? Kitu si kile pale mezani?"

"Banasema kile ni cha bure, uliandika bei tu."

Sikuwa na la kujibu. Akavuta benchi akakaa. "Sasa hii mashine yenyewe, haisemake kitu? Haina pahali inaandika ugonjwa yake?"

Inapo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Linux kila inapowaka huandika yote iliyoyaona: nimeona diski, nimeona kamera, nimeona kadi fulani, hii imekubali, hii imekataa kwa sababu hii. Unaandika amri moja, dmesg, na maandishi yote yanakuja. Nilijua amri hiyo. Nilikuwa nimeiandika hata siku ile ya kwanza chini ya macho ya watu, mistari mia kadhaa ya Kiingereza ikapita kama mvua, nikaifunga. Informatiki yangu ni ya Kifaransa. Kiingereza changu cha wakati ule kilikuwa cha kununulia vipuri vya simu. Niliona aibu kusimama nikisoma polepole kama mtoto wa Primary Two, basi nikachagua neno moja ambalo halina haja ya kusomwa: imekufa.

Yule binti alikuwa anasoma kozi ya Kiingereza. Tukapitisha mistari mmoja mmoja, yeye akisoma kwa sauti, mimi nikimwambia hiyo ruka, hiyo ruka. Tukafika pahali palipoandikwa b43, akasoma, akanyamaza, akasoma tena. Mashine ilikuwa inasema kwamba imeiona kadi ya Broadcom, namba 4312, na kwamba faili linaloitwa ucode15.fw halipatikani. Mstari uliofuata ulisema ni lazima uende kwenye anwani fulani ulipakue. Ilikuwa imesema hivyo kila ilipowashwa, tangu siku ya kwanza, kwenye mashine zote sita.

Nieleze kidogo, kwa sababu baadhi ya wanaosoma hapa wanagawa kompyuta na jambo hili litawakuta. Ndani ya kadi ya waifai kuna chipu, na chipu hiyo ni kama kompyuta ndogo isiyo na kumbukumbu. Ukizima inasahau kazi yake. Ukiwasha, inangoja mashine kubwa iipe programu ya kuifanya kazi, na programu hiyo inaitwa famwea. Kwenye Windows, famwea inakuja ndani ya draiva ya kampuni, huioni. Kwenye Linux draiva ya kadi hizi, hiyo b43, inatokana na kazi ya watu wa kujitolea ambao hawakuwa na vitabu vya kampuni. Kundi moja lilichunguza draiva iliyokuwepo likaandika maelezo ya jinsi chipu inavyofanya kazi. Kundi lingine, ambalo halikuigusa ile draiva, likaandika mpya kwa kufuata maelezo hayo tu, ili asitokee mtu wa kusema wameiba. Toleo lake la kwanza liliingia ndani ya Linux mwaka 2006. Lakini famwea ni mali ya kampuni, na haki ya kuigawa hawanayo. Kwa hiyo Linux inaijua kadi, inaiita kwa jina na namba, ila faili lake halimo.

Hapa Lobule hakuna asiyeijua hali hiyo. Kadi unayo mkononi, nzima kabisa, picha yako iko juu yake, halafu dirishani unaambiwa faili lako halionekani, rudi Jumatatu.

Na kile kidude cha 35,000? Nacho tulikisoma. Chipu nyingine, jina lingine, ugonjwa uleule: kinaomba famwea, famwea haimo. Nilikuwa nimesafiri kilometa mia na zaidi kwenda na kurudi kununua tatizo la pili linalofanana na la kwanza.

Safari ya pili ya Arua nilienda kwa pesa yangu. Niliuza betri mbili za simu nzuri nilizokuwa nimeziweka. Nikaingia duka la intaneti, nikatafuta kifurushi kinachoitwa firmware-b43-installer, nikakipakua pamoja na kingine kinachokihitaji, b43-fwcutter. Vyote viwili vilikuwa vidogo kiasi cha kunishangaza. Yule kijana wa duka aliniuliza kama nina uhakika ni hivyo tu. Nikamwambia mimi ni enjinia.

Nadhani mwenye kujua ameshacheka. Lile jina lake lenyewe linasema: ni cha kuweka famwea, si famwea. Nilipokifungua Lobule kilifanya kazi yake kwa uaminifu, yaani kilianza kwenda kwenye intaneti kuitafuta ile famwea ya kampuni, ili kuikata vipande na kuiweka mahali pake. Intaneti ambayo haikuwepo kwa sababu famwea haikuwepo. Nilikaa pale nikaangalia ule mstari wa kosa nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja akachungulia mlangoni akauliza, "Uko muzima?"

Kilichotuokoa ni waya wa kuchajia simu. Simu ya Android ukiichomeka kwenye kompyuta kwa USB, ukaingia kwenye mipangilio ukairuhusu igawe intaneti kwa waya, Linux inaiona kama kadi ya mtandao ya kawaida. Haitaki famwea, haitaki draiva ya kuongeza. Ningalilijua hilo siku ya kwanza, pesa ya watu ingebaki kwenye daftari. Aliyeniambia ni kijana wa Koboko anayeuza nyimbo na filamu kwa kujaza flashi, mtu ambaye hajakanyaga darasa la informatiki hata siku moja. Nilikuwa nimemsimulia shida yangu kama hadithi tu, akasema, "Na si utumie waya ya simu?" kisha akaendelea kumhudumia mteja.

Ilibaki shida ya mahali. Darasa letu liko upande ambao simu inapenda kuvuta mtandao wa Congo, na ukivutwa huko muda wa maongezi unaisha kabla hujasema haloo. Tukaibeba mashine moja mpaka kwenye kichuguu nyuma ya kisima, pale ambapo kila mtu anasimama akitaka kupiga simu. Nilinunua bando, ambalo tangu Julai 2021 lina kodi ya asilimia 12 juu yake, nikachomeka waya. Faili la kampuni lilikuwa la megabaiti kama 13. Lilishuka kwa dakika arobaini, likikatika na kuendelea, binti ameshika simu juu kama taa, watoto wametuzunguka wakihesabu asilimia kwa sauti. Walipofika 100 walipiga makofi bila kujua ni ya nini.

Nikazima, nikawasha. Alama ya waifai ikatokea. Sitaki kuongeza maneno hapo.

Famwea ikishakuwa kwenye mashine moja, inakaa kwenye folda moja tu, na folda hiyo unaweza kuinakili kwa flashi ukaipeleka kwenye zingine, maadam kadi ni aina ileile. Hakukuwa na haja ya kurudi kichuguuni. Jumatano jioni nilikuwa nimemaliza zote sita. Tatu zikashika mtandao. Tatu zikakataa.

Hapo, ndugu zangu, nilikaribia tena kusema lile neno. Mashine zilezile, kadi ileile, faili lilelile. Alama inaonekana, lakini hakuna mtandao hata mmoja kwenye orodha. Nilifuta folda nikaiweka upya. Niliweka Linux upya kwenye moja, usiku, kwa betri ya mwisho. Bure. Na mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia.

Alhamisi asubuhi binti alikuja mapema, fomu yake kwenye bahasha. Mashine tatu zilikuwa zinafanya kazi, angeweza kukaa kwenye mojawapo akaanza yake, lakini alikuja kwanza kwenye ile iliyokataa. "Tusome," akasema. Sasa ilikuwa imeshakuwa desturi. Safari hii mashine iliandika kwamba redio ya kadi imezimwa. Imezimwa na nani? Nikaandika amri nyingine, rfkill list, ambayo inaonyesha kama waifai imefungwa na nani kaifunga. Zikaja mistari miwili. Soft blocked: no. Hard blocked: yes.

"Soft ni laini," akasema. "Hard ni ngumu."

"Imefungwa ngumu," nikasema. "Hiyo ndiyo imekufa sasa."

"Wapi. Hard hii si kama ile ya hardware?"

Hapa Koboko hardware ni duka la misumari, bati na kufuli. Alikuwa anawaza vitu vya kushikwa na mkono. Akaiinua mashine, akaigeuza, akaanza kuipapasa pembeni kama mtu anayetafuta kupe kwenye mbuzi. Ubavuni upande wa kulia, karibu na matundu ya USB, kulikuwa na kitu kidogo cha kuteleza, kisichozidi ukubwa wa punje ya mchele, kimejaa vumbi jekundu. Akakisukuma kwa ukucha.

Mitandao ikajaa kwenye orodha. Yaani miwili: wetu, na wa simu ya mtu aliyekuwa anapita.

Ile ilikuwa swichi ya waifai. Amri yoyote unayoandika haiwezi kuifungua, kwa sababu haiko ndani ya programu. Ni mkono uliofunga, na ni mkono utakaofungua. Na mkono uliofunga ulikuwa wangu. Mashine tatu kati ya sita nilikuwa nimezisukumiza kwenye gunia kwa ubavu wa kulia, nikakaza na vipande vya godoro.

Fomu ilipandishwa siku hiyohiyo, saa tisa mchana, na karatasi zake zote. Mwaka ule hakuchaguliwa. Aliomba tena mwaka uliofuata, na habari yake nyingine ni yake mwenyewe kuiandika.

Kwa ninyi mnaoleta mashine, nina ombi dogo la mtu aliyeungua. Kabla hamjazipakia kwenye gari, iwasheni moja, muandike lspci -nn, mnakili kwenye karatasi namba za kadi ya mtandao. Yetu ilikuwa 14e4:4315. Kwa namba hizo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kujua kama kadi itataka famwea na ipi, mkaja nayo kwenye flashi. Wenye Debian walipiga kura mwaka 2022 wakakubali famwea za namna hii ziwe ndani ya diski yao ya kuwekea, na toleo la 12 la Juni 2023 lilikuja nazo. Zimepunguza taabu nyingi, na kile kidude changu cha USB leo kinafanya kazi. Lakini ile ya kadi zetu bado haimo, maana haki ya kuigawa haikutolewa. Bado mtu atalazimika kwenda kichuguuni. Na mkifika, msimuulize tu enjinia wa kambi kama zinafanya kazi. Kaeni naye asome.

Mgeni alikuja mwisho wa mwezi, akaona mashine sita na vichwa kumi na tatu vimeinamia. Akapiga picha. Mashine zikabaki.

Zikabaki pia zile 35,000. Niliitisha mkutano mwenyewe, chini ya mwembe uleule, nikaeleza kwamba kadi hazikufa, kwamba kidude kilikuwa hakihitajiki, na kwamba nitairudisha bei yake. Nauli waliniachia. Mama mmoja alisema kwa Kikakwa jambo ambalo liliwachekesha wote na ambalo hakuna aliyekubali kunitafsiria. Nililipa kwa miezi mitatu. Siku ya mwisho mzee wa block alifungua daftari, akatafuta ukurasa, akachora mstari juu ya ile hesabu, akaandika: 35,000, imerudi. Akavua miwani. Halafu akaniomba twende darasani nikamwonyeshe hiyo swichi iko pahali gani.